Vinundu vya Upande wa Baba

28 Aprili

Shajara hii nimepewa na mpwa wangu Happyness, binti wa dada yangu Odilia anayekaa Magomeni, Kilosa mjini. Duka la pembejeo anakofanya kazi liligawiwa shajara, yeye akaona ya kwake aniletee mimi. Akasema, "Mjomba, hadithi zako kila ukisimulia zinabadilika. Ziandike." Mtoto ana akili, ni damu ya ukoo wetu. Mimi niliishia la sita, lakini mwandiko wangu mwalimu alikuwa anaupeleka la saba waone aibu.

Basi nitaandika msimu huu wa vitunguu mpaka uishe. Mimi Optatus ndiye mgawa maji wa mfereji mkuu hapa Lumuma. Lango letu la chuma vijana wawili hulishusha kwa kuhema. Mimi nalishusha kwa mkono wa kushoto, wa kulia umeshika kikombe cha uji.

30 Aprili

Mvua kutwa. Lango limefungwa, mto unapita na magogo.

4 Mei

Mvua tena. Kilabuni amekuja mnunuzi wa vitunguu kutoka Dumila, mgeni kabisa, wakamwambia mwombe Mjomba avue shati. Nikavua. Mwili wangu una vinundu tangu ujana, tumboni, mgongoni, mikononi, vingine kama punje ya mahindi, vingine kama karanga. Ukivibonyeza vinazama, ukiachia vinarudi. Na mabaka ya kahawia hapa na pale. Nikamweleza kwamba hivi vya tumboni ni nyuki wa kule milimani, walinizingira kutwa nzima na mzinga sikuuangusha. Hiki cha ubavuni ni risasi ya jangili kule Mikumi, ilifika kwenye ngozi yangu ikaona aibu, ikalala hapo hapo. Hiki kikubwa cha mgongoni ni nyati, lakini nyati hatukumaliza maana pombe iliisha. Yule bwana aliibonyeza risasi kwa kidole, akaagiza nyingine. Kuna mtu anazaliwa na shamba, mimi nimezaliwa na mwili.

9 Mei

Mama Angela anasema uvimbe wa Angela umekua. Angela ni binti yetu, ana miaka kumi na miwili. Alizaliwa na baka kubwa la kahawia nyuma ya paja la kushoto, na chini ya baka pana uvimbe tangu anaanza kutembea. Ulikuwa kama andazi. Sasa sketi ya shule imepanda upande mmoja. Ukiushika, ndani unasikia kama kamba zilizosokotana.

Nikamwambia mke wangu akaulize kwao. Kwetu Wasagara mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Baba analisha, anavisha, anapenda, lakini damu ni ya mama, na mwenye sauti juu ya mtoto ni mjomba wake. Sauti yangu mimi iko kwa Happyness, na Happyness ngozi yake ni safi kama yai. Kwa hiyo ukoo wetu hauna kasoro. Cha Angela kimetoka kwao.

Mke wangu alimpandisha mgongoni Beda, kitinda mimba wetu wa miaka minne, akaenda shamba.

16 Mei

Leo nimemkomesha Lucas. Lucas ni shemeji yangu, kaka wa Mama Angela, mzee wa kanisa, anaongea kidogo kama mtu mwenye jino bovu. Alikuja langoni kulalamika kwamba kitalu chake cha miche, wiki hii isiyo na mvua, hakijapata maji siku za zamu yake, na watu walikuwa wamejaa. Nikamwambia kabla ya kudai maji akausafishe ukoo wao kwanza, maana wamempa binti yangu manundu. Watu wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Lucas alinitazama, akachukua jembe lake, akaondoka.

Nimekula vizuri leo.

19 Mei

Jumapili. Lucas amepita mbele yangu bila salamu.

2 Juni

Mvua imekatika. Tunapandikiza miche kwenye majaruba. Angela alikuwa anapanda kwa kuinama, mara akapiga magoti, akaendelea kwa magoti mpaka mwisho wa mstari. Nikamtania kwamba anasali. Hakucheka.

13 Juni

Tumeshuka Kilosa, tumelala Magomeni kwa dada Odilia. Mama Angela ndiye aliyeamua. Amesikia hospitali moja ya Mikumi kuna daktari anayeelewa mambo ya uvimbe. Nimekuja ili wasipotee, maana Mikumi mimi nimewahi kusimamisha tembo barabarani kwa kumwonyesha kiganja tu.

14 Juni

Leo nitaandika sana.

Daktari ni msichana wa Kimasai, anaitwa Nalotuesha, kwao ni huko huko Kilosa, upande wa Rudewa, watoto wa wale wanaoingiza ng'ombe kwenye mashamba ya watu. Nilipomwona nikajisemea, tangu lini hawa wakatibu kitu kisicho na pembe. Akanipa shikamoo baba kwa adabu zote, nikaitikia marahaba, lakini ya nusu.

Akampima Angela muda mrefu. Akatazama baka la pajani, akatafuta mengine, akayapata kwapani na mgongoni, madogo madogo. Akammulika machoni. Akamwuliza Mama Angela kama naye anayo. Mke wangu akakunja mikono ya gauni, akamwonyesha kila alichotaka. Hana hata moja.

Halafu akanigeukia mimi. Akasema, kwa upole, anaomba nivue shati.

Nikamwambia vya kwangu ni nyuki.

"Walikuuma ukiwa na umri gani, baba?"

"Kijana. Kama kumi na sita hivi."

"Wote siku moja?"

"Wengine wanarudi kila mwaka. Wananifahamu."

Hakucheka wala hakukasirika. Aliandika kitu. Shati sikuvua. Mbele ya mtoto wa kike wa watu, na mke wangu ananitazama vile, singevua hata kwa amri ya mahakama.

Basi akatueleza. Ndani ya kila chembe ya mwili kuna maelekezo ya kuujenga, ndiyo jeni, na kila jeni mtu anayo mara mbili, moja ya baba na moja ya mama. Mojawapo wanaiita NF1. Kazi yake ni kutengeneza protini ambayo inaiambia chembe basi, inatosha, acha kukua. Protini hiyo ni nyurofibromini, nimeitamka mara ya kwanza bila kukwama. Ikiharibika, ile amri ya kukua haina wa kuizima, na chembe zinazoizunguka mishipa ya fahamu zinaendelea kujijenga tu. Ndiyo vinundu. Ndiyo na ule wa Angela, umeufuata mshipa wa paja kama mzabibu.

Hapo nilimwelewa kuliko alivyojielewa. Ni lango. Maji hayasubiri kuambiwa yaje, yanakuja yenyewe. Mgawa maji kazi yake si kufungua, ni kufunga. Nikamwambia hivyo, akasema ndivyo, au karibu na hivyo.

Nikamwambia sasa basi mambo yako wazi, lango bovu ni la kwa mama, maana mtoto ni wa ukoo wa mama. Akaweka kalamu chini.

"Baba, kwetu sisi mtoto ni wa baba, mama ni wa kupita. Kwenu ni wa mama, baba ndiye wa kupita. Hii jeni haijui kwetu wala kwenu. Mwenye nayo mbovu, awe mama awe baba, kila mtoto anaweza kuipata au kuikosa, sawa kwa sawa. Na wakati mwingine inaanzia kwa mtoto mwenyewe, wazazi hawana. Ndiyo maana naomba kukuona. Na watoto wengine ulionao nyumbani, walete."

Kuhusu uvimbe akasema kwa sasa wataufuatilia. Lakini ukianza kuuma hata amelala, au ukiwa mgumu, au ukikua haraka, tusingoje, maana unaweza kugeuka saratani, na kazi hiyo ni ya Dar.

Njiani Angela aliniuliza kama nyuki wanaweza kumfuata mtoto tumboni mwa mama yake. Nikamwambia atazame twiga.

15 Juni

Magomeni. Odilia alipohadithiwa aliacha kupepeta mchele. Akaniuliza, "Opta, baba yetu kwa nini alikuwa anavaa koti?" Nikasema baridi. Akasema Kilosa hii, Januari, koti? Mbele ya watu hakuwahi kulivua. Yeye, mtoto mkubwa, ndiye aliyemwosha alipougua, na tumbo lake lilikuwa kama langu.

Nikamwambia baba alikuwa wa ukoo mwingine kabisa, hakutuachia kitu isipokuwa koti. Dada akaendelea kupepeta. Alisema tu kwamba ugonjwa uliwaruka yeye na Happyness, mimi haukuniruka.

20 Juni

Maji zamu ya mashamba ya juu. Baridi.

27 Juni

Maji zamu ya chini. Vitunguu vimeshika. Angela amerudi shuleni mapema.

3 Julai

Ukungu mpaka mchana. Angela anakaa upande mmoja wa kiti.

9 Julai

Nilimsimulia Angela hadithi ya nyati, yote, mpaka mwisho. Alikuwa anaipenda kuliko zote. Katikati akasema, "Baba, unauma." Nikauliza nini. Akasema hata akilala.

Nikaushika. Ulikuwa laini mwezi uliopita. Sasa pana sehemu ngumu kama kokwa la embe.

10 Julai

Mama Angela amempigia daktari. Amejibu papo hapo: Dar, wiki hii, karatasi ya rufaa anaituma. Akaomba pia aongee na mimi. Nilikuwa langoni.

11 Julai

Haendi. Yaani mke wangu amekataa kumpeleka bila neno la kaka yake, maana ni kisu, na kwenye kisu mjomba ndiye anayesema ndiyo. Amekwenda kwa Lucas. Amerudi na majibu, ameyasema amesimama mlangoni, hakukaa.

Lucas amesema hivi: mtoto akifia kwenye kisu, Optatus atasema ukoo wetu ndio uliomtoa. Akipona, atasema tumeoshwa uchafu wetu. Neno lilitupwa langoni mbele ya watu, likaokotwe langoni mbele ya watu. Halafu mtoto anaondoka siku hiyo hiyo, na yeye atampeleka.

Nikasema Lucas anamchezea mtoto kwa sababu ya kiburi. Mke wangu akasema, "Kiburi cha nani?"

12 Julai

Nimemwambia mke wangu nitampeleka mwenyewe. Angela mwenyewe amekataa. Anamtaka mama yake.

14 Julai

Maji zamu ya juu.

16 Julai

Maji zamu ya chini. Angela haendi tena shule. Analala kifudifudi.

18 Julai

Kilabuni wamenitaka nivue shati. Nimesema nina mafua.

19 Julai

Nimekaa nyuma ya nyumba juani, nimevua shati, nimejitazama kama mtu anayetazama mzigo wa mwenzake. Vile vya tumboni vimezidi. Nyuki gani hawa, bwana. Nina miaka hamsini na kitu.

Nimebonyeza risasi. Ni laini, ina kamba ndani.

20 Julai

Siku ya maji ya wote. Nilijua watu watakuwepo. Lucas alikuwa upande wa pili wa mfereji, kimya, ameshika jembe kama fimbo ya askofu. Mama Angela alikuwa amekuja na Angela, wamekaa juu ya gunia, na begi limefungwa tayari. Mwanamke huyu alinijua kuliko nilivyojijua, au alikuwa amechoka kungoja.

Nikapanda juu ya kuta za lango. Nikavua shati, baridi ile. Nikasema nina neno.

Kabla sijalisema wameanza kucheka. Mmoja akapaza sauti, "Mjomba, leo nyuki gani tena?" Mwingine akasema leo ni kifaru. Nikasema hapana, sikilizeni, hivi si nyuki. Wakazidi. Nikasema wala risasi si risasi. Mzee Abeli, ambaye amenisikiliza miaka yote, akawa anajifuta machozi, anasema hii ya leo ndiyo kali. Nikasema vinundu hivi ni ugonjwa, nimeupata kwa baba yangu, na Angela ameupata kwangu, si kwa mama yake, si kwa akina Lucas. Nikasema jeni. Nikasema nyurofibromini. Waliposikia hilo neno ndipo walipoanguka kabisa.

Sijawahi kusema kweli mbele ya watu wengi vile, na sijawahi kuchekwa vile. Nikasimama na tumbo wazi, na maneno yameniisha. Mimi, Optatus, maneno yameniisha.

Lucas akavuka mfereji. Hakuzunguka darajani, alivuka ndani ya maji na viatu vyake. Akapanda langoni, akaweka kidole kwenye ubavu wangu, pale pa risasi, akabonyeza, akaachia. Akabonyeza tena. Halafu akaenda kwa Angela, akapiga magoti, akamwomba ruhusa kama mtu mzima, akamshika nyuma ya paja juu ya sketi. Watu wakanyamaza mmoja mmoja.

Akasema, "Ni kitu kimoja."

Hakusema kwa sauti kubwa. Akaniambia nivae shati, nitapata homa. Akalibeba begi.

Wameondoka na gari la magunia. Mimi nimebaki na Beda na maji ya watu.

25 Julai

Wamefika salama. Vipimo.

1 Agosti

Bado vipimo. Langoni watu wananisalimia kwa sauti ya msibani.

8 Agosti

Nane Nane. Hakuna aliyeniita popote. Beda anamtafuta mama yake kwenye kila kona, anafungua hata sufuria.

12 Agosti

Daktari Nalotuesha amenipigia mwenyewe, kutoka Mikumi, kuniuliza hali yangu mimi. Nimemwambia mimi ni chuma. Akasema chuma nacho kinapimwa. Nikasema nitakuja. Akauliza kuhusu mtoto mwingine. Nikasema Beda ni mzima kama jiwe, anapanda juu ya paa. Mtu angekuwa ndugu yangu wa damu angekuwa ameshanichoka. Hata ng'ombe za Wamasai wenzake siku hizi naona zinapita kando ya mashamba. Labda zilikuwa zinapita kando siku zote, sina hakika tena.

15 Agosti

Leo kisu. Sikufunga lango kwa wakati, majaruba ya watu watatu yamejaa. Hakuna aliyenigombeza.

16 Agosti

Ametoka. Amezinduka. Lucas ndiye aliyepiga. Aliposema "ameomba soda" nilikaa chini katikati ya vitunguu.

29 Agosti

Majibu. Wameutoa mwingi, si wote, maana umeukumbatia mshipa na wangeukata asingetembea. Kile kigumu kilikuwa kimeanza kuharibika, lakini saratani bado. Bado, ndiyo neno walilotumia. Unyayo wa kushoto hauinuki vizuri. Unaweza kuota tena. Watamtazama kila baada ya miezi michache, mpaka awe mtu mzima na baada ya hapo.

Nilitaka kuandika kwamba tumeshinda. Nimeandika walichosema.

5 Septemba

Lucas amerudi kuvuna. Mama Angela na Angela wamebaki Dar kwa mazoezi ya mguu. Nimempelekea maji ya mwisho, nje ya zamu, akaniambia vitunguu vikikomaa havitaki maji, vitaoza. Mgawa maji mzima. Tukacheka kidogo, wote wawili.

8 Septemba

Jumapili. Jirani anayenisaidia kumwosha Beda amekwenda msibani Kidete, na mtoto amegaagaa kwenye vumbi la maganda ya vitunguu, hapelekeki kanisani. Nikasema kazi gani hiyo, mimi nimewahi kuogesha fahali aliyefungiwa. Nikaweka beseni juani.

Sijawahi kumwosha mtoto wangu hata mmoja. Kwetu baba hafanyi, na mimi sikuwahi kuona sababu.

Vumbi lilipotoka, ngozi ikabaki. Lipo baka moja kiunoni, rangi ya chai. Nikadhani ni uchafu, nikasugua mpaka akalia. Lipo kwenye nyonga. Mgongoni. Nilipomwinua mkono, kwapani yamejaa madogo madogo, kama mtu alirusha wino kwa brashi.

Nikampigia Mama Angela. Nikamwambia nimemwosha Beda. Hakuuliza kwa nini.

"Nimeyaona tangu hajatambaa," akasema.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungesema ni kwetu."

Akaniambia Angela amepanda ngazi leo.

Nikamfunga Beda shuka, nikampeleka kwa mjomba wake. Lucas alikuwa ametoka kanisani, anakata mikia ya vitunguu akiwa na suti yake. Nikaifungua shuka. Akatazama kiuno, akatazama kwapa, akaweka kisu chini. Akasema huyu tunampeleka mapema, hatungoji mpaka kianze kuuma. Nikasema kesho, Mikumi, na mimi nitavua shati kabla daktari hajaniambia. Akasema atatusindikiza.

Beda alikuwa anajishika lile la kiunoni, analivuta, ameona watu wazima wote wanalitazama. Akaniuliza ni nini.

"Hilo umelipata kwangu," nikamwambia. "Baba ndiye aliyekupa."

Akalitazama vizuri, akafurahi, akanyoosha kiganja. Akasema nimpe na jingine.